Mungu Akulipe: Je, Mkarimu Anaweza Kuwa Mtumwa wa Mali?



Ndugu yangu kijana, tukizungumza habari za mali na imani, karibu sote tunapita njia ileile. Tunamchora mtu mchoyo. Tunamtaja yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, au yule wa Luka 16 aliyekula na kusaza huku Lazaro amelala mlangoni kwake. Kisha tunahitimisha: fungua mkono, toa, na utakuwa umepona ugonjwa wa kupenda fedha. Mahubiri yanaishia hapo, kwaya inaanza wimbo wa matoleo, na sisi tunasimama kwenye mstari na bahasha zetu.

Ni mafundisho ya kweli na sina nia ya kuyapunguza. Lakini yanaacha swali moja nje. Je, mtu anaweza kuwa na mkono wazi, akatoa mpaka mji mzima ukashiba, na bado akawa mtumwa wa mali?

Mtakatifu Paulo anaona inawezekana. Katika 1 Wakorintho 13:3 anasema kwamba hata angegawa mali yake yote, kama hana upendo, haimfaidii kitu. Soma mstari huo polepole. Kama kutoa na kupenda vingekuwa kitu kimoja, Paulo asingekuwa na sababu ya kuuandika. Aliona kwamba mtu anaweza kutoa vyote na upendo usiwepo. Sasa kama upendo haupo, ni kitu gani kinachousukuma mkono utoe?

Mji uliolisha watu

Mwaka huu nimepangiwa kazi za kichungaji huku Pangani, na mji huu umenisaidia kulifikiria swali hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma seminarini. Wengi mnaujua kwa picha za ufukwe wa Ushongo na kisiwa cha Maziwe. Mimi nawaalika mtazame mto. Mji uko upande wa kaskazini, pale mto unapoingia baharini. Bweni iko ng'ambo, na watu wamezoea kuvuka kwa kivuko. Karne moja na nusu iliyopita hapa palipita fedha nyingi. Misafara ilitoka hapa kwenda bara, hadi upande wa Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikarudi na pembe za ndovu. Kandokando ya mto palilimwa miwa, na sukari ikasafirishwa kwa majahazi.

Mwanahistoria Jonathon Glassman ameandika juu ya Pangani ya wakati huo katika kitabu chake Feasts and Riot, kilichotoka mwaka 1995. Jina lenyewe linataja karamu, tena kwa sababu. Anaonyesha kwamba katika miji ya Mrima ukubwa wa mtu haukupimwa kwa alichoficha ndani. Ulipimwa kwa alichotoa nje. Watu wenye jina walishindana kwa karamu na ngoma: nani amelisha wengi zaidi, nani amekusanya watu zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, anaeleza jinsi mtu aliyetaka ujumbe alivyopaswa kutoa ada na kulisha watu. Cheo kilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa kwa kutoa.

Kwa hiyo usiwafikirie wakubwa wa Pangani ya zamani kama wachoyo. Mchoyo asingepata jina hapa. Walitoa kweli, na wako waliotoa kuliko walivyokuwa navyo: walikopa kwa wafanyabiashara wenye mitaji, wengi wao Wahindi, wakaingia kwenye madeni ili heshima yao isishuke.

Tuulize maswali mawili tu kuhusu ukarimu ule. La kwanza: fedha ilitoka wapi? Sehemu ya utajiri wa mji ilitoka kwenye miwa, na miwa ililimwa na watumwa. Ilikuwa kazi ngumu, na wako waliotoroka mashambani wakaenda kujenga vijiji vyao wenyewe. Maana yake, katika mji uleule, mtu mmoja alisifiwa kwa kulisha wageni na mwingine hakuwa hata na mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe.

La pili: aliyekula aliondokaje? Aliondoka ameshiba, na pia aliondoka akiwa mtu wa fulani. Alibeba deni ambalo halikuandikwa popote: kumsindikiza mkubwa wake, kumsifu, kusimama upande wake siku ya ugomvi. Na hapa Glassman anaonyesha jambo la kufikirisha. Wanyonge hawakukaa kimya, walidai. Lakini wengi wao hawakudai mfumo ule uvunjwe. Walidai nafasi ndani yake, wawe karibu na meza. Hata mwaka 1888, wakati kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake hapa Pangani na pwani ikawaka moto wa vita tunavyovijua kwa jina la Abushiri, chini ya ghasia zile palikuwa na ugomvi wa siku nyingi juu ya nani ni mwenye mji na nani abaki nje.

Siandiki haya kuwahukumu wazee wa mji huu. Njaa ya mtu ilijibiwa mlangoni, na hilo si jambo dogo. Naandika kwa sababu Pangani ile inatuonyesha kitu ambacho mfano wa mchoyo hautuonyeshi. Mali inaweza kumtawala mtu kwa njia mbili. Inaweza kumfanya afunge mkono. Na inaweza kumfanya aufungue, ili anunue kwa mali hiyo bidhaa iliyo ghali kuliko zote: watu.

Mwanafalsafa na Mwalimu

Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake kwa Nikomako, anasema jambo ambalo tukilikumbuka kwenye harambee zetu litatusumbua. Anasema mkarimu wa kweli hutazama anampa nani, kiasi gani na wakati gani. Tena hutazama na anakoipata mali yake. Mtu anayechukua pasipostahili ili apate cha kugawa, kwa Aristotle, hana fadhila ya ukarimu hata kama anagawa sana. Hapo anagusa swali letu la kwanza, na anapatana na Zakayo. Kumbuka Luka 19:8. Zakayo anatoa nusu ya mali yake kwa maskini, lakini haishii hapo: aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Hakuchanganya mafungu hayo mawili. Kurudisha cha watu ni haki, na haki haiitwi sadaka.

Kwenye swali la pili, ndugu zangu, Aristotle anatuacha njiani. Anapomweleza mtu mwenye moyo mkuu, anasema mtu huyo hupenda kutoa na huona aibu kupokea, kwa sababu mtoaji yuko juu na mpokeaji yuko chini. Anakumbuka aliyowafadhili, si waliomfadhili. Mzee wa Pangani wa mwaka 1870 angemwelewa Aristotle vizuri kabisa. Na mheshimiwa wa leo angemwelewa pia.

Bwana wetu anaanza mahali pengine. Katika Luka 22:25 anawaambia mitume kwamba wafalme wa mataifa huwatawala watu, na wenye mamlaka hao huitwa wafadhili. Hilo neno wafadhili lina uchungu ndani yake. Yesu aliishi katika dunia ambamo mtawala alijenga, aligawa, halafu akaandikwa jina lake kwenye jiwe. Naye anasema, kwenu isiwe hivyo. Hakuwakataza kutoa. Aliwakataza kufanya kutoa kuwe ngazi ya kuwapanda watu.

Je, zawadi ya bure ipo?

Kuna hoja nzito hapa, na mtu aliyesoma falsafa lazima aikabili. Mwaka 1925 msomi Mfaransa Marcel Mauss aliandika insha juu ya zawadi. Alichunguza jamii nyingi akaona kwamba zawadi inayoonekana ya hiari hubeba wajibu tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Kwa maana hiyo, hakuna cha bure. Waswahili tulilijua hilo bila kusoma Kifaransa: mkono mtupu haulambwi. Na yule uliyemsaidia asiponyenyekea tunasema shukrani ya punda ni mateke. Angalia vizuri msemo huo. Unamwita binadamu mwenzako punda, kwa kosa la kutokukulipa.

Basi kama kila zawadi inafunga, Yesu anaomba kisichowezekana? Jibu analo mwenyewe, katika Luka 14:12-14. Ukiandaa karamu, anasema, usiwaite rafiki, ndugu na majirani matajiri, maana nao watakualika, ukawa umelipwa. Waite maskini, vilema, viwete na vipofu. Kwa nini? Kwa kuwa hawana cha kukulipa. Utalipwa katika ufufuko wa wenye haki.

Nimeusoma mstari huu mara nyingi kabla ya kuona kinachotendeka ndani yake. Yesu hakufuta malipo. Alimbadilisha mdaiwa. Deni la maskini limechukuliwa na Mungu. Kitabu cha Mithali (19:17) kilikuwa kimeshasema kwamba amhurumiaye maskini humkopesha Bwana. Ukiunganisha mistari hiyo miwili utaona maskini amekula na anaondoka mlangoni pako akiwa huru. Hakudai kitu kwako na wewe hudai kitu kwake. Kama unadai, nenda kadai kwa Mungu.

Na sisi tunaosema Kiswahili tumebeba teolojia hiyo mdomoni kila siku. Bibi unayemsaidia kubeba ndoo anakuambia nini? Mgonjwa uliyempelekea uji? Ombaomba uliyempa mia tano pale stendi? "Mungu akulipe." Tunalisikia kama adabu tu, tunaitikia "amina" tukaendelea na safari. Lakini mtu huyo amekutamkia jambo kubwa: mimi sina, na deni hili nimelipeleka kwa mwenye nacho. Ukiitikia amina kwa moyo, umekubali kwamba mdaiwa wako amebadilika. Tangu dakika hiyo huna haki ya kumdai bibi yule salamu za pekee, wala kura, wala sifa kwenye msiba.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku Pangani, wanalisema hivyohivyo na wanalimaanisha. Ni neno la pwani nzima.

Sasa isome tena Mathayo 6:2-4. Wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka, Yesu anasema, wamekwisha kupata thawabu yao. Hakusema kwamba hawakutoa. Hakusema maskini hakushiba. Alisema wamelipwa: waliuza, wakapokea bei, na biashara imekwisha. Kwa Baba hakuna kilichobaki cha kudai.

Kiwanja cha Anania

Kama bado unadhani ni jambo dogo, soma Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya 4 na mwanzo wa sura ya 5. Barnaba anauza shamba na kuleta fedha yote miguuni pa mitume. Anania na mkewe Safira wanaona. Nao wanauza kiwanja, wanaficha sehemu ya fedha, wanaleta iliyobaki kama vile ndiyo yote. Wote wawili wanaanguka na kufa.

Zamani nilifundishwa kwamba walikufa kwa uchoyo. Lakini msikilize Petro. Anamwambia Anania kwamba kabla ya kuuza mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Hakulazimishwa. Angeweza kuleta nusu na kusema hii ni nusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichotaka ni jina la Barnaba kwa bei ya punguzo. Alitumia sadaka kununua heshima, akanunua kwa uongo.

Naileta habari hiyo kwa sababu huku pwani watu wanauza viwanja. Tangu habari za daraja la Mto Pangani na barabara ya lami kwenda Saadani na Bagamoyo zianze, ardhi imekuwa mazungumzo ya kila kijiwe. Kijana akiuza eneo la marehemu babu yake, fedha inaingia kwa siku moja. Wengi wanaogopa asije akala bata, akazimaliza kwenye pombe. Ni kweli, hatari hiyo ipo. Mimi naogopa pia njia ya pili: kwamba atazimaliza kwa kutoa, anunue kila mtu soda, achangie kila harusi, aitwe bosi kwa miezi minne, halafu arudi kuvua kwa ngalawa ya kukodi. Watu watasema alikuwa mkarimu, basi tu hakuwa na akili ya fedha. Pengine alikuwa na akili kabisa. Alijua anachonunua. Miezi minne ya kuwa mtu.

Kwenye jumuiya zetu

Twende kwetu sasa, maana Pangani ya 1870 haituhusu kama tutaiacha hukohuko.

Harusi. Kijana Mkristo anafunga ndoa takatifu, na karamu inaandaliwa na kamati. Kadi za mchango zinatoka, kiwango kimewekwa. Asiyefikisha kiwango hapati kadi ya kuingilia ukumbini. Rudi kwenye Luka 14 uone tulipofika: Yesu alisema waalikwe wasioweza kulipa, sisi tumeweka mtu mlangoni kuhakikisha waliolipa ndio wanaoingia. Halafu yule asiyetaka aibu anakimbilia mikopo ya kausha damu ili amchangie rafiki yake. Mzee wa Mrima alikopa ili alishe. Sisi tunakopa ili tukubaliwe kula.

Uchawa. Vijana tunacheka neno hilo, lakini tunajua linamaanisha nini. Kumganda mwenye fedha, kumsifu mitandaoni, kucheka asipochekesha, ili usikose. Kila chawa ana mtu anayefurahi kuwa naye. Yule anayegawa elfu kumi kumi huku kamera inawaka hanunui unga wa mtu; ananunua picha ya mtu akipiga magoti. Na maskini, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kuuza, ameuza uso wake.

Na kanisani. Naijua habari ya kijana mmoja, kijiji chake tukiache, ambaye jumuiya yake ilikuwa ikisoma hadharani majina na kiasi ambacho kila familia imetoa kwa ujenzi. Familia yao ilikuwa ya mwisho kila mara. Hakuna aliyewatukana. Walisomwa tu. Baada ya wiki kadhaa akaacha kuja, na mama yake akawa anakuja peke yake, anakaa karibu na mlango. Hakuna aliyeona kama kuna mtu amefukuzwa. Lakini alifukuzwa, na aliyemfukuza ni orodha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, namba 8, unaweka mambo haya wazi kuliko ninavyoweza mimi. Unafundisha kwamba tunapomsaidia mtu tuheshimu uhuru na hadhi yake. Kwamba nia yetu isichafuliwe na kutafuta faida yetu au tamaa ya kutawala. Kwamba yanayodaiwa kwa haki yasitolewe kama zawadi ya upendo. Na kwamba msaada umwezeshe mtu taratibu asiendelee kuwa tegemezi. Ukitaka kipimo cha sadaka yako, hicho hapo. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na wasiwasi unaofanana juu ya nchi: kwamba misaada inaweza kuhatarisha uhuru wa anayepokea. Kinachoweza kuipata nchi kinaweza kumpata pia mwanamke mjane wa kigango chetu.

Lakini mwenye njaa anajali?

Najua utaniuliza. Frateri, mwenye njaa anajali kweli nia ya aliyempa ugali? Ugali ni ugali. Tukianza kupima nia, si watu wataacha kutoa?

Ni hoja ya haki, na nakubali nusu yake. Mtoto akiwa na njaa leo, mpe leo. Nia yako utaitengeneza njiani. Afadhali mtoto ashibe kwa kiburi chako kuliko alale njaa ukisubiri unyenyekevu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakwenda mbali zaidi: katika uhitaji wa kufa na kupona, anafundisha, mali inakuwa ya wote, na anayechukua cha kumwokoa hajaiba. Mababa wa Kanisa, Basili Mkuu na Yohane Krisostomo, walihubiri kwamba ziada iliyoko kabatini mwako ni mali ya asiye nacho. Hebu ifikirie hiyo. Kama ni yake, basi unapompa hujamfadhili, umemrudishia. Nani anapigiwa makofi kwa kulipa deni?

Nusu ninayoikataa ni hii: kwamba maskini hajali. Anajali sana. Mtu ana tumbo na ana uso, na vyote viwili vina njaa. Yule kijana aliyeacha kuja jumuiya hakuacha kwa kukosa chakula.

Utaniambia pia: tusipotaja majina kanisa halitajengwa. Labda litachelewa. Lakini angalia Marko 12. Kabla tu ya kumsifu mjane aliyeweka sarafu mbili, katika mstari wa 40, Yesu anawalaani wanaokula nyumba za wajane. Mistari hiyo imefuatana. Yesu anausifu moyo wa mama yule, na hapohapo anatuuliza imekuwaje hekalu likabakisha mjane mwenye sarafu mbili tu. Ukiusoma mstari wa 41 kwenda mbele peke yake utapata mahubiri ya harambee. Ukianza na wa 40, utapata uchunguzi wa dhamiri kwa wanaokusanya, na mimi ninayejiandaa kwa upadre nimo.

Na kuhusu Mathayo 5:16, kwamba nuru yetu iangaze mbele ya watu? Umalizie mstari: ili wamtukuze Baba. Matendo yaonekane, mwenye kusifiwa ni mwingine. Mfano mzuri unaweza kuwavuta wengine watoe. Kinachotakiwa ni kwamba maskini asigeuzwe jukwaa.

Mungu aliyejua kupokea

Aristotle alisema mtu mkuu huona aibu kupokea. Mtazame sasa Yesu. Alizaliwa kwenye hori la wanyama. Aliomba maji kwa mwanamke Msamaria. Aliazima mashua ya Petro, akaazima punda, akaazima chumba cha karamu ya mwisho, akazikwa kwenye kaburi la mtu mwingine. Luka 8:3 inasema wanawake walimhudumia kwa mali zao. Yeye ambaye vyote vilifanyika kwa njia yake hakuona aibu kusema "nipe maji ninywe." Katika 2 Wakorintho 8:9 Paulo anasema alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu.

Kwa hiyo fadhila ya ukarimu ina nusu mbili, na vijana wengi tunafanya mazoezi ya nusu moja. Mtu asiyejua kupokea hajawa mkarimu bado. Amejipa tu kiti cha juu. Ukienda kumtembelea mzee wa kigangoni na kilo mbili za sukari, naye akakukatia dafu, usikatae ukidhani unamwonea huruma. Kunywa. Umekuwa mgeni wake, naye amekuwa mwenyeji wako. Kwa dafu lile amekaa sawa na wewe.

Na Mungu anatoaje? Jua linawaka juu ya shamba la mcha Mungu na la asiyemtaja kabisa, Mathayo 5:45. Ametupa uhai na ametuachia uwezo wa kumkana. Angetaka machawa angeweza kuwaumba. Alitaka watoto. Kipawa chake kinamwacha mtu amesimama, na hata shukrani anayotuomba ni ya mtoto, anayeweza kuondoka na kurudi.

Hayo ndiyo majibu ya swali letu. Ndiyo, mkarimu anaweza kuwa mtumwa wa mali, pale anapotumia mali kujinunulia watu. Na anakuwa huru pale anapomwachia Mungu deni lote.

Kwa wiki hii nakuomba mambo matatu tu. Kwanza, toa kitu kimoja ambacho hakuna atakayejua, hata rafiki yako wa karibu, hata shajara yako. Pili, mfikirie mtu mmoja unayemdai shukrani moyoni. Kila ukimwona unakumbuka ulivyomsaidia. Msamehe deni hilo kwa jina lake mbele ya Sakramenti Takatifu. Tatu, kama uko kwenye kamati yoyote, ya harusi au ya ujenzi, uliza kwa upole: je, yule asiye na kitu ataingiaje kwenye hii karamu yetu?

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Nenda zako kweli. Usigeuke nyuma kuangalia kama anakupungia mkono.

Tusali: Bwana Yesu, uliyetupa vyote na hukutudai, utufundishe kutoa bila kununua na kupokea bila aibu. Wale tuliowafanya wadogo kwa misaada yetu, uwainue. Na siku ile maskini anapotuambia Mungu akulipe, utupe imani ya kuitikia amina na kuishia hapo. Amina.

Nawaombea, nami mniombee.